Swali la Mbu: Hoja Juu ya Kufundisha Kinga ya Mwili

Watoto wa mwambao wa Ziwa Viktoria, wawe wa Ukerewe, Sengerema au Magu, hujua mapema kwamba mbu huleta malaria. Kwa hiyo mwalimu afundishapo kwamba virusi vya Ukimwi vimo katika damu, hana budi kulitazamia swali hili: "Mwalimu, mbu naye hunyonya damu, mbona haambukizi Ukimwi?" Swali hilo ni la mtoto anayefikiri. Kumjibu kwamba wataalamu wamesema haambukizi ni kumpa amri badala ya elimu. Sisi tunaamini kwamba jibu la kweli laweza kufundishwa katika shule ya msingi, na kwamba mwalimu mwanafunzi hana budi kulimudu kabla ya kusimama mbele ya darasa.

Msingi wa jibu ni protini moja iitwayo CD4. Kila binadamu ana jeni ya protini hiyo, nayo imo katika kromosomu ya 12. Jeni ni maagizo. Chembe hai huyafuata na kuitengeneza protini, kisha protini hukaa juu ya ngozi ya baadhi ya chembe nyeupe za damu. Kazi yake ni kipokezi: huzisaidia chembe hizo kuvitambua vipande vya vijidudu vinavyoonyeshwa na chembe nyingine za mwili, ili kinga nzima iamshwe. Mwaka 1984 watafiti wa London na Paris walionyesha kwamba virusi vya Ukimwi hujishika katika kipokezi hicho ili viingie ndani. Baadaye, mwaka 1996, ilidhihirika kwamba vinahitaji na kipokezi cha pili, ambacho mara nyingi ni CCR5. Ni kama mlango wenye kufuli mbili.

Chembe za mbu hazina CD4. Virusi vikimezwa pamoja na damu havipati mahali pa kuingia wala pa kuzaliana, bali humeng'enywa tumboni. Tena, mbu aumapo hupenyeza mate yake, wala haimwagi damu aliyoinyonya kwa mtu wa kwanza. Vijidudu vya malaria ni tofauti: hukua ndani ya mbu, kisha huhamia katika tezi za mate. Mwanafunzi akizilinganisha safari hizi mbili ubaoni atalipata jibu mwenyewe.

Kuhusu mbinu, tunashauri udongo wa mfinyanzi. Wanafunzi wafinyange chembe tatu zenye vishimo vya maumbo mbalimbali, na kirusi chenye kichomozo kinachoingia katika kishimo kimoja tu. Wajaribu, waone, kisha waeleze. Mfano huu tunaupenda kuliko ule uliozoeleka wa askari na adui. Mtoto aliyeambiwa kwamba chembe nyeupe ni askari huweza kudhani kwamba mgonjwa ana askari waoga. Mfano wa udongo humwonyesha kwamba mlango huo sisi sote tunao, na kwamba haukuwekwa kwa ajili ya virusi. Mwalimu aseme pia kwamba hesabu ya CD4 inayotajwa kliniki ni hesabu ya chembe za kinga, si ya virusi. Katika mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 500 na 1,500 hivi katika tone dogo la milimita moja ya ujazo.

Wapo watakaouliza faida ya maarifa haya. Mkoa wa Mwanza wenyewe una fundisho. Kuanzia mwaka 1999 mradi wa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa katika jamii 20, na walimu wa shule za msingi wakafundisha afya ya uzazi katika madarasa ya juu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba maarifa ya vijana yaliongezeka, lakini maambukizo hayakupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Basi tusijidanganye kwamba somo peke yake litauzuia Ukimwi. Umaskini, desturi na mwenendo wa watu wazima vina nguvu kuliko ubao.

Lakini liko jambo ambalo ubao unaliweza. Katika madarasa yetu wamo watoto waliozaliwa na virusi, wanaomeza dawa kila siku na kusoma kama wenzao. Jirani yake anayeogopa dawati, kalamu au mbu aliyemwuma mwenzake hatatulizwa na amri ya kutoogopa, maana amri husahauliwa mwalimu akitoka. Atatulizwa na sababu aliyoifinyanga kwa mikono yake. Hata hivyo, mwalimu asimtaje wala kumtazama mtoto yeyote kuwa mfano. Mfano ni udongo.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, uandaapo somo la kinga ya mwili, anza na swali la mbu. Usilikwepe, na usilijibu wewe kabla wanafunzi hawajalijaribu.