Maji Yaliyoingia Garini Yasilale Humo



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya gari la nyumbani wakati wa masika. Katika pwani yetu mvua hizi hunyesha tangu Machi hata Mei, na hewa yenyewe huwa na unyevu mwingi, hata kitu kilicholowa hakikauki upesi. Viatu vya tope twavivua mlangoni mwa nyumba. Lakini garini, ambamo watoto wetu huketi kila siku, twaingia navyo bila kufikiri.

Mwaka mmoja nasi tulighafilika. Zulia la gari lililowa, nasi tukaona yatosha kupulizia manukato ili harufu iondoke. Jioni moja, tukirudi na watoto katika mvua, vioo viliingia ukungu ghafula, na mzee mmoja aliyekuwa akivuka njia hatukumwona mpaka alipokuwa hatua chache mbele yetu. Alhamdulillahi, breki zilishika. Hapo ndipo tulipofahamu ya kwamba maji yaliyojificha ndani ya zulia hugeuka mvuke, na mvuke ukigusa kioo cha baridi hugeuka matone. Manukato hayakukausha kitu. Tena unyevu ukikaa siku nyingi huotesha kuvu, nayo humdhuru mwenye pumu. Na bati la chini huliwa na kutu.

Basi shauri letu ni hili. Kabla ya kupanda, kung'uteni mwavuli na kufuta miguu. Tumieni mikeka ya mpira yenye kingo, na maji yake myamwage kila jioni. Zulia likilowa, liinueni, mtandike magazeti makavu chini yake, na kuyabadili mpaka yasilowe tena. Jua likitoka, fungueni milango yote. Yaondoeni majani yaliyokusanyika chini ya kioo cha mbele, na vitundu vilivyo chini ya milango visizibwe na tope, kwa maana hizo ndizo njia za maji kutokea. Mkiwa safarini, vioo vikiingia ukungu, washeni kiyoyozi kikivuta hewa ya nje, kwani hukausha hewa. Gari lisilo nacho, teremsheni vioo kidogo.

Vijana, kazi hii ya jioni twaiweka mikononi mwenu. Baba akitoka alfajiri na kukuta kioo ki wazi na viti vikavu, atajua ni nani aliyekumbuka usalama wa jamaa yake na wa wapita njia.

Wassalaam.