Makumbusho ya Songea na isnadi ya wazee wetu



Kutoka huku kwetu Nyantakara, Songea ni safari ya kuvuka nchi. Hata hivyo, mwaka mmoja wa Makumbusho ya Majimaji umetupa mazungumzo mengi baada ya swala ya Isha. Makumbusho hayo madogo yalianza mwaka 1980, penye makaburi ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Novemba 1, 2023 akafika hapo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, akaomba radhi.

Kilichomfikisha si ukubwa wa jengo. Familia ya Mbano ilishika neno moja, baba kwa mwana: kwamba mzee wao alinyongwa siku chache baada ya wenzake, na kichwa chake kikachukuliwa. Neno lililosemwa barazani kwa zaidi ya miaka 100 likamfanya mkuu wa dola aahidi msaada wa kukitafuta kichwa hicho.

Wapo wenzetu wanaokwepa makumbusho kwa sababu ya sanamu, na Songea zipo. Hoja yao tunaiheshimu. Lakini anayeacha sanamu halazimiki kuacha habari.

Nasi tunayo elimu inayofaa kwa kazi hii. Wanachuoni wa hadithi hawakuridhika na maneno matupu; waliuliza isnadi, nani kapokea kwa nani, na mpokezi ni mtu wa namna gani. Mkoa wetu una habari zinazongoja maswali hayo. Kafuro, Karagwe, palikuwa kituo cha wafanyabiashara Waislamu katika karne ya 19, zama za Mfalme Rumanyika. Na kule Ngara, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Walioshuhudia wengi wangali hai, ila kila mwaka tunawasindikiza baadhi yao makaburini pamoja na waliyoyaona.

Kamati imenunua kaunta buku moja. Mjumbe mmoja alitaka fedha iende kwanza kwenye bati za msikiti. Tukamwonyesha bei ya daftari, akacheka. Kila habari itaandikwa pamoja na jina la msimulizi, aliyemsimulia, mahali na tarehe. Asiyeona kwa macho yake aseme kuwa amesikia. Akina mama wataandikwa majumbani na mabinti zao, maana mengi ya mwaka ule wa 1994 wanayajua wao zaidi yetu.

Tunaanza Jumapili baada ya Adhuhuri. Mwenye barua za zamani au hati za ndoa za wazee azilete. Zitanakiliwa mbele yake, na atarudi nazo nyumbani siku hiyo hiyo.