UCHAMBUZI: Mtandao usio na mwenyewe, nani huamua?

KAMPUNI ya Safaricom inapotaka kuboresha mitambo ya M-Pesa, huwapa wateja ilani kwamba huduma zitakatizwa kwa muda usiku wa manane. Wahandisi hufanya kazi yao na kufikia alfajiri mambo hurejea hali ya kawaida. Hakuna mteja anayeulizwa iwapo amekubali wala anayetarajia kuulizwa, kwa kuwa mwenye mitambo anajulikana na Benki Kuu inajua pa kumpata.

Hali ni tofauti kabisa katika mfumo wa fedha usio na mwenyewe. Daftari la hesabu halimo katika mitambo ya kampuni moja, bali nakala zake zimo katika maelfu ya tarakilishi zilizotapakaa duniani, na kila moja hukagua kila malipo kwa kanuni zilezile. Huo ndio mfumo uitwao blokicheni. Je, kanuni hizo zikihitaji kubadilishwa, idhini hutoka kwa nani?

Swali hili si la mafundi pekee. Mkenya anayepokea malipo ya kazi ya mtandaoni kwa sarafu za kidijitali zilizofungamanishwa na dola ya Marekani, kama vile USDT na USDC, ameweka jasho lake juu ya mitandao ya aina hii. Kanuni zikibadilishwa, zinambadilikia naye pia.

Mfano ulio wazi zaidi ni mtandao wa Ethereum, uliozinduliwa Julai 30, 2015, na ambao tangu hapo umebadilisha kanuni zake mara nyingi, tena hadharani.

Kwa maandishi, utaratibu wake ni mwepesi kueleweka. Mtu yeyote anaweza kuandika pendekezo la mabadiliko na kulichapisha ili lichambuliwe. Watayarishaji wa programu zinazouendesha mtandao hukutana kwa njia ya intaneti, kwa kawaida siku ya Alhamisi, katika vikao ambavyo yeyote anaweza kuvisikiliza. Kura hazihesabiwi. Mwenyekiti husikiliza kama kuna pingamizi zito, na lisipokuwapo, pendekezo huingizwa katika orodha ya mageuzi yajayo. Hatimaye mageuzi hufanyiwa majaribio, tarehe hutangazwa, na kila mwendeshaji wa tarakilishi hutarajiwa kuweka programu mpya kabla ya siku hiyo. Anayekataa hachukuliwi hatua yoyote. Anabaki tu katika njia ya zamani, pengine peke yake.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ethereum imekusudia manahodha wawe wengi. Makundi kadhaa yasiyotegemeana huandika programu tofauti zinazofuata kanuni zilezile, ili moja ikikosea nyingine ziendelee na safari. Faida yake ilionekana Desemba 2025. Mtandao ulifanya mageuzi yaliyopewa jina la Fusaka mnamo Desemba 3, na siku iliyofuata programu moja iitwayo Prysm ikapata hitilafu. Tarakilishi zilizoitegemea ziliyumba, lakini malipo hayakusimama kwa sababu waliosalia walikuwa wakitumia programu nyingine.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mpaka wake. Mapema mwaka huo, Februari 24, mageuzi mengine yaliyoitwa Pectra yalifanyiwa jaribio katika mtandao wa Holesky, uliotengwa kwa majaribio na ambao sarafu zake hazina thamani. Programu kadhaa zilikuwa zimewekewa anwani isiyo sahihi ya mkataba wa kidijitali unaopokea amana. Lilikuwa kosa dogo la mpangilio. Kwa kuwa programu hizo ndizo zilizotumiwa na wengi, wengi waliidhinisha kumbukumbu zenye kosa, na wachache waliokuwa sahihi wakaonekana ndio waliopotea.

Mtandao huo wa majaribio ulikaa takriban wiki mbili bila kufikia uamuzi usioweza kubatilishwa kuhusu malipo yake, jambo linalohitaji thuluthi mbili ya dhamana iliyowekwa. Laiti kosa hilo lingetokea katika mtandao halisi, hasara ingekuwa kubwa mno. Waandalizi hawakukimbilia tarehe. Walianzisha mtandao mpya wa majaribio, Hoodi, wakarudia zoezi lote na ndipo Pectra ikaingia rasmi Mei 7, 2025.

Kwa maoni yangu, wanaoicheka Ethereum kwa mwendo wa kobe hawajalielewa funzo la Holesky. Penye benki, kosa la usiku hurekebishwa asubuhi kwa amri ya mkubwa. Hapa hapana mkubwa, kwa hivyo kosa linapaswa kunaswa kabla ya siku yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa pia Januari 2019, wakati kampuni ya ukaguzi ya ChainSecurity ilipogundua udhaifu katika mageuzi ya Constantinople muda mfupi tu kabla hayajatekelezwa. Mageuzi yaliahirishwa hadi mwishoni mwa Februari, baada ya pendekezo lenye kasoro kuondolewa.

Kufikia hapo, mtu anaweza kudhani kwamba uongozi wa mtandao huu ni suala la ufundi na subira. Mambo huwa magumu pale kinachobishaniwa si hitilafu bali ni fedha za watu.

Mnamo 2016 wawekezaji walichanga sarafu zenye thamani ya takriban dola milioni 150 katika mfuko wa pamoja ulioitwa The DAO, ambao ulikusudiwa kujiendesha kwa mkataba wa kidijitali bila mameneja. Juni 17 mwaka huo, mtu asiyejulikana alitumia mwanya katika mkataba huo na kuanza kuzihamisha fedha, akachota ether milioni 3.6 hivi. Kwa mujibu wa masharti ya mkataba, fedha hizo zingekaa kwa wiki kadhaa kabla hajaweza kuzitumia. Saa ikawa inahesabu.

Je, kanuni za mtandao mzima zibadilishwe ili kumpokonya? Waliopinga walisema kwamba mfumo uliojisifu kuwa msimbo ndio sheria hauwezi kuigeuza sheria hiyo baada ya mchezo kwisha. Waliounga mkono walisema wizi ni wizi. Jaribio la kwanza la kuzizuia fedha hizo lilitupiliwa mbali baada ya kubainika kwamba lingewapa wadukuzi mwanya mwingine wa kuukwamisha mtandao. Kukaandaliwa kura isiyo rasmi, kila sarafu ikiwa na uzito wake. Zaidi ya asilimia 80 ya sarafu zilizopigiwa kura ziliunga mkono, lakini zilizoshiriki zilikuwa sehemu ndogo tu ya sarafu zote.

Julai 20, 2016, kanuni zikabadilishwa na wawekezaji wakafunguliwa njia ya kurejeshewa fedha zao. Waliokataa waliendelea na daftari la zamani, ambalo lipo hadi leo kwa jina la Ethereum Classic.

Mwaka mmoja tu baadaye mkasa ukajirudia kwa sura nyingine. Novemba 2017, mtumiaji mmoja aliharibu msimbo uliotegemewa na pochi za kidijitali zilizotengenezwa na kampuni ya Parity, na zaidi ya ether 500,000 zikafungika pasipo na ufunguo. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Gavin Wood, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Ethereum yenyewe. Pendekezo la kuzifungua liliandikwa, kura isiyo rasmi ikafanywa Aprili 2018, asilimia 55 wakapinga. Fedha hizo zimefungika mpaka sasa.

Kabla ya hapo, Februari 2018, mhariri mmoja wa mapendekezo, Yoichi Hirai, alikuwa amejiuzulu kutokana na mjadala wa kuweka utaratibu wa kurejesha fedha zilizopotea. Alihofia kwamba kuidhinisha pendekezo la aina hiyo kungemfanya avunje sheria za nchi yake, Japani. Kazi ya mhariri ilikuwa kukagua tu kama pendekezo limeandikwa inavyotakikana. Lakini alitambua kile ambacho wenzake hawakutaka kukisema kwa sauti: kwamba anayeshika kalamu mahali fedha zinapoamuliwa anaweza siku moja kuulizwa na hakimu.

Kwa nini The DAO waliokolewa na wenye pochi za Parity wakaachwa? Sababu za kiufundi zinaweza kutolewa, na zimetolewa. Tofauti iliyo wazi zaidi ni kwamba mwaka 2016 walioumia walikuwa wengi na mtandao ulikuwa bado mchanga, ilhali mwaka 2018 waliokuwa na hofu ya kufungua mlango huo walikuwa wengi kuliko waliopoteza. Hakuna kifungu cha katiba kilichoamua, kwa kuwa katiba haipo.

Nguvu halisi katika mtandao wa aina hii, basi, ni nguvu ya kukataa. Na nguvu hiyo haigawanywi sawasawa. Wachimbaji, waliokuwa wakiulinda mtandao kwa mitambo inayomeza umeme, waliigundua siri hii kwa uchungu. Walipopinga mageuzi ya Agosti 2021 yaliyoagiza sehemu ya ada za malipo iteketezwe badala ya kuingia mifukoni mwao, vitisho vyao havikufua dafu. Mnamo Septemba 15, 2022 kazi yao ilifutwa kabisa, pale mtandao ulipohamia mfumo wa kulindwa na watu wanaoweka dhamana ya sarafu, na matumizi ya nishati yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99. Baadhi yao walijitenga na kuendeleza daftari lao wenyewe. Thamani ya sarafu ya daftari hilo iliporomoka.

Sababu moja ya kushindwa kwao ilitangazwa mwezi mmoja kabla. Agosti 2022, kampuni ya Circle, inayotoa USDC, na ile ya Tether, inayotoa USDT, zilisema kwamba zitautambua upande mmoja tu, ule unaohamia mfumo mpya. Dola moja iliyowekwa benki haiwezi kudhamini sarafu mbili katika madaftari mawili. Kwa tamko hilo, sarafu zote za dola zilizokuwa katika daftari la waasi ziligeuka karatasi tupu.

Safari hiyo kampuni hizo ziliunga mkono upande uliokuwa na wengi, kwa hivyo hakuna aliyelalamika. Lakini Vitalik Buterin, aliyeubuni mtandao huo, alionya wakati uo huo kwamba katika migawanyiko ya siku zijazo watoaji wa sarafu za dola wanaweza kuwa na usemi mkubwa kuhusu upande utakaoishi. Ni onyo lililostahili kutiliwa maanani zaidi. Kampuni mbili zilizosajiliwa kisheria, zenye wakurugenzi na mawakili, na zinazoweza kuandikiwa barua na serikali, zinashika turufu ambayo maelfu ya waendeshaji wa tarakilishi hawana.

Wala waundaji wa kanuni wenyewe si malaika. Mwaka 2024 watafiti wawili wa wakfu wa Ethereum Foundation walikubali kuwa washauri wa mradi wa EigenLayer, ambao mapato yake yanategemea mustakabali wa mtandao huohuo, kwa malipo makubwa ya sarafu za mradi. Zogo likazuka. Mmoja wao, Justin Drake, alitangaza Novemba kwamba ameacha wadhifa huo. Walikuwa wameuweka wazi wenyewe, na hilo ni la kupongezwa, ila hakukuwa na chombo ambacho kingewazuia.

Hapa ndipo suala hili linapobisha hodi Nairobi. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya kusimamia watoa huduma za mali za kidijitali, inayoipa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA) jukumu la kutoa leseni. Sheria hiyo inamtambua mwenye duka, kwa kuwa ndiye anayeweza kukamatika. Kanuni za mtandao wenyewe ziko nje ya uwezo wa Bunge la Kenya, na la nchi nyingine yoyote.

Lakini duka ndilo linaloamua mteja atapata nini siku ya mgawanyiko. Mnamo 2016, Ethereum Classic ilipata uhai siku chache baada ya mgawanyiko kwa sababu soko la Poloniex liliamua kuiuza. Aliyehifadhi sarafu zake mwenyewe alijikuta na mali katika madaftari yote mawili. Aliyeziacha sokoni alipata kile ambacho soko liliridhika kumpa. Mwombaji leseni anaweza kutakiwa aeleze kwa maandishi, kabla hajafungua mlango, atamgawia nini mteja wake daftari likipasuka mara mbili, na atampa ilani ya siku ngapi.