Simu Yako Haijui Hewa ya Nanyuki

Nimekuwa kimya kwa muda, wasomaji wangu, na leo sirudi na habari za Linux wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nimerudi na hasira. Kuna programu za simu ambazo waundaji wenzangu wanawauzia watu wenye bunduki, wakiwaambia kwamba kulenga shabaha ya mbali sasa ni kazi ya kompyuta. Unaandika umbali, unabonyeza, unazungusha kifundo cha darubini kama ulivyoambiwa, unafyatua. Eti mafunzo ya miezi yamekwisha kwa dakika tano! Huo ni uongo, na naujua vizuri kwa sababu mimi mwenyewe niliandika programu moja ya aina hiyo.

Kabla hamjaniuliza: sina bunduki. Kenya huwezi kuwa nayo bila cheti, uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na mwishoni mwa 2018 serikali iliwaagiza raia wote wenye leseni wakahakikiwe upya. Isitoshe, mimi ni mtu wa Nyeri. Nyumba nyingi za hapa zina hadithi za miaka ya hali ya hatari, na ukitaja bunduki mbele ya nyanya zetu sauti hushuka. Mwenye leseni ni mjomba wangu, mstaafu, ambaye burudani yake ni kupiga sahani za chuma kutoka mbali katika uwanja wa shabaha ulio kwenye shamba la watu upande wa Laikipia. Mimi nilikuwa nikienda naye kubeba maji na kutazama shabaha kwa darubini kubwa ya miguu mitatu.

Siku moja nikamwambia, "Mjomba, achana na hilo daftari. Nitakuandikia programu." Fomula za balistiki zinapatikana, hesabu si ngumu kwa mtu aliyesomea kompyuta, na kwa wikendi mbili nilikuwa nimemaliza. Ilikuwa na rangi nzuri. Ilichukua hali ya hewa yenyewe kutoka kwenye intaneti. Nilijivuna sana.

Tukaenda. Sahani ilikuwa mita 800, imesimamishwa karibu na ukingo wa juu wa tuta la udongo. Programu ikasema pandisha mili 8. Mjomba akazungusha kifundo, akatulia, akafyatua. Sikuona vumbi. Sahani haikulia, tuta halikutoa hata chembe ya udongo. Risasi ilikuwa imepita juu.

Akafungua bunduki, akaitoa risasi iliyobaki, akakaa. Nyuma ya lile tuta kuna nyika, na katika nyika ya Laikipia hakukosi ng'ombe, na penye ng'ombe kuna mtoto mwenye fimbo. Risasi ya 7.62 huweza kwenda zaidi ya kilomita 3 kabla ya kutua. Tulipanda gari tukazunguka huko nyuma kwa saa nzima. Tulikuta wavulana wawili na mifugo yao, wazima, wakatusalimia. Mjomba aliwapa mkate wetu wote. Njiani kurudi aliniuliza jambo moja tu: "Kijana, hiyo simu yako hewa ya hapa imeipima wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo programu hizi hazimfundishi mtu kuuliza. Kanieneo ya hewa unayoisoma kwenye taarifa za hali ya hewa si ile iliyo mahali uliposimama. Huwa imerekebishwa hadi usawa wa bahari, ili Mombasa na Nanyuki ziweze kulinganishwa kwenye ramani moja. Ndiyo maana simu itakuonyesha kitu kama 1015 hata ukiwa Nanyuki, mji ulio zaidi ya mita 1,900 juu ya bahari, ambako kipimo halisi ni karibu 800. Nyeri mjini, kwenye mita 1,760 hivi, ni kama 820. Programu yangu ilimeza ile 1015 bila kutafuna. Ikadhani risasi inapenya hewa nzito ya pwani, kumbe hewa yetu ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Hewa nyepesi haiipunguzi risasi mwendo sana, kwa hiyo huanguka kidogo kuliko ilivyohesabiwa. Katika mita 800, kwa bunduki ya aina ile, tofauti ni zaidi ya nusu mita. Hesabu zangu zote zilikuwa sahihi. Nambari moja ya kuanzia ndiyo iliyokuwa ya mahali pengine.

Sasa, darubini yenyewe. Wengi waliojifunza kwa michezo ya kompyuta wanadhani kazi yake ni kuivuta shabaha karibu. Hapana. Kukuza ni msaada tu kwa macho. Darubini ya bunduki ni chombo cha kupimia pembe, kama rula, na mwanafunzi asiyejua hivyo hajaanza. Kliki moja ya mili 0.1 ni sentimita 1 katika mita 100, na ni sentimita 8 katika mita 800. Kitu cha urefu wa mita 1 kikijaza mili 2 za mistari ya ndani, kiko mita 500. Lakini katika darubini nyingi mistari hiyo husema kweli kwenye ukuzaji mmoja tu. Ukizungusha pete ya kukuza, rula imebadilika na hakuna atakayekuambia. Kuna nyingine, haki ya Mungu, zenye mistari ya mili na vifundo vya dakika za pembe. Sisi wa programu tunajua mchanganyiko wa vipimo hufanya nini. Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa nambari kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama za metriki.

Mjomba ana jaribio lake ambalo hakuna simu inayolifanya. Anabandika karatasi ndefu mita 100, anachora mstari wima kwa timazi, analenga alama ya chini, kisha anapandisha mili 5. Risasi zinapaswa kupiga sentimita 50 juu ya alama. Zikipiga 48, darubini inapunja kwa asilimia 4, na hilo linaandikwa daftarini kabla ya lingine lolote. Kisha mita 200, 300, 400, kila siku na joto lake, saa yake, upepo wake. Upepo ndio mwalimu mkali. Asubuhi nyika imetulia na mlima uko wazi. Kufika saa tano nyasi za mita 300 zinalala kulia, za mita 700 zinalala kushoto, na mazigazi yanachemka katikati. Ni programu gani itauona huo upepo wa kati? Ukiiambia upepo ni mmoja, itakujibu kwa desimali mbili, na hizo desimali mbili ndizo zinazomdanganya mtu.

Najua mtakachosema: majeshi hutumia kompyuta. Ndiyo, na huwapa watu ambao tayari wanajua jibu linapaswa kukaribia nini. Mjomba akiambiwa mili 8 leo atasema hapana, daftari linasema 7. Siku ile aliniamini mimi, mtoto wa dada yake mwenye digrii. Kampuni moja ya Texas, TrackingPoint, ilikwenda mbali zaidi ikauza bunduki yenye darubini inayoendeshwa na Linux. Mwaka 2015 Runa Sandvik na Michael Auger waliingia ndani yake kwa Wi-Fi, wakabadilisha thamani ya uzito wa risasi, na bunduki ikakosa shabaha. Nambari moja tu, tena. Tofauti ni kwamba wao walikusudia, na mimi nilifanya kwa uzembe.

(Jim Corbett, aliyezikwa hapa Nyeri mwaka 1955, alijipatia jina kwa kuwaua simba-marara wala watu kule India. Ile Rigby yake maarufu haikuwa na darubini. Alisogea karibu. Sisemi sote turudi huko, lakini kuna heshima katika kukataa kupiga usichokijua.)

Kwa hiyo wenzangu mnaouza vitu hivi, ondoeni ile 1013 mliyoiweka kama thamani ya kuanzia. Acheni kisanduku kitupu. Programu ikatae kutoa jibu mpaka mtu aandike kanieneo aliyoipima mwenyewe palepale aliposimama, na ikatae umbali wowote ambao hajawahi kuupiga na kuuandika. Mtapoteza wateja, najua. Yangu nimeiondoa kwenye wavuti tangu wiki ile, na wale wanaoendelea kuniandikia baruapepe wakiiomba, jibu ni lilelile. Mpya inakuja, inauliza maswali mengi na inakera. Mjomba ameijaribu mara moja, akaniambia bado inaongea sana, akarudi kwenye daftari.