MPIRA NA KITI CHA BUNGE



Wako wanaocheka wakisikia mchezaji ameingia siasa. “Mtu wa mpira atajua nini?” Sisi hatukubali. Baba zetu wa machimbo nao waliambiwa hivyo hivyo walipotaka kujitawala, ya kwamba hawakusoma vya kutosha.

Bwana Robert Kidiaba alilinda goli la TP Mazembe miaka mingi. Nani hapa Fungurume hamkumbuki akirukaruka uwanjani huku amekaa chini, kila timu yake ilipofunga? Watoto walimaliza kaptula zao kwa kumwiga. Mwaka 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe iliwapiga Internacional wa Brazil 2–0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu. Inter ya Milan ikatufunga 3–0, lakini heshima ilibaki. Kisha, katika uchaguzi wa Desemba 2018, wananchi wakampa Bwana Kidiaba kiti katika bunge la jimbo la Haut-Katanga.

Ni haki yake. Lakini kura ile walipigia nini, kazi au kuruka? Hapo twagombana na watu wetu wenyewe. Mbunge wa jimbo humchagua gavana na maseneta, hupitisha bajeti, huwaita mawaziri wa jimbo wajibu maswali. Na sheria ya madini ya 2018 yasema hivi: katika kila franka 100 za redevansi ya shaba na kobalti, 50 ni za serikali ya Kinshasa, 25 za jimbo, 15 za mji au sekta yenye machimbo, na 10 huwekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hizo 25, kipa wake ni mbunge wa jimbo. Kazi hiyo hakuna anayeipigia makofi.

George Weah, mchezaji bora wa dunia wa 1995, aliapishwa rais wa Liberia Januari 2018. Watu walimpenda sana. Hata hivyo 2023 walimchagua Joseph Boakai, naye Weah akakubali akatoka kwa amani. Watu wa Liberia walijua kutenga mapenzi na hesabu.

Sisi wa Lualaba hatumpigii kura Bwana Kidiaba, maana Katanga iligawanywa majimbo manne mwaka 2015. Lakini wachezaji wengine watakuja kwetu na fulana, muziki na bia. Tuwapokee vizuri, fulana tuvae. Halafu tumwulize kila mmoja, mbele ya watu wote: zile 25 za jimbo utazifuata namna gani, na zile 15 za mji wetu zimejenga nini?