Mwekezaji Ni Yuleyule, Wenye Nyumba Ndio Tofauti

Vijana wenzangu,

Tangu 2023, kila tukiigusa bandari ya Dar es Salaam tunarushiwa jibu moja tu: "Nyie wapinzani hamtaki wawekezaji." Limerudiwa mno, mpaka baadhi yetu wamelizoea, na sasa wanabishana mitandaoni kana kwamba kazi ya upinzani ni kumfukuza kila mgeni anayekuja na kreni. Mimi nasema hapana. Na ili tusibishane hewani, leo nawapeleka Karibiani, kwenye nchi ambako kampuni hiyohiyo ya DP World iko bandarini tangu 2005.

Nchi yenyewe ni Jamhuri ya Dominika. Tusiichanganye na kile kisiwa kidogo kinachoitwa Dominica. Hii iko kisiwa kimoja na Haiti, ina watu wapatao milioni 11 na eneo la kama kilomita za mraba 48,000. Mkoa wetu wa Tabora peke yake ni mkubwa kuliko nchi hiyo nzima. Lakini uchumi wake umevuka dola bilioni 100 kwa mwaka na umeuacha nyuma uchumi wetu, sisi tuliohesabiwa zaidi ya milioni 61 kwenye sensa ya 2022. Wamefanyaje?

Bandari yenyewe

Mashariki ya mji mkuu, Santo Domingo, karibu na uwanja wa ndege wa Las Américas, kuna rasi inaitwa Caucedo. Bandari ya pale ilifunguliwa mwishoni mwa 2003. Ilijengwa mpya, na kampuni ya Kimarekani ya CSX World Terminals ilikuwa miongoni mwa wenye mradi. Mwaka 2005 Dubai ikainunua CSX World Terminals, na kwa mlango huo ikaingia Caucedo.

Kwa nini pale? Fungua ramani. Meli ikitoka Mfereji wa Panama kwenda Ulaya au pwani ya mashariki ya Marekani, inakatiza Karibiani. Meli kubwa haiwezi kuzunguka kisiwa hadi kisiwa ikishusha kontena kumi hapa, ishirini pale. Inatia nanga kwenye bandari moja yenye kina na kreni za maana, inashusha mzigo, halafu meli ndogo zinausambaza. Tangu mfereji upanuliwe mwaka 2016, Kingston ya Jamaika, Freeport ya Bahama, Cartagena ya Kolombia na Caucedo zinagombania meli hizo. Ukichelewesha meli, inahamia kwa jirani. Hakuna kubembelezana.

Na hata ndani ya nchi Caucedo haiko peke yake. Magharibi ya Santo Domingo kuna bandari ya Río Haina, inayoendeshwa na kampuni nyingine. Mfanyabiashara akikerwa upande mmoja ana pa kwenda upande wa pili. Ushindani wa namna hiyo unamnyoosha mwendeshaji kuliko hotuba mia za mawaziri.

Kazi iko nyuma ya geti

Sasa tusidanganyane. Bandari peke yake haishibishi taifa. Kontena linalotolewa meli moja na kupakiwa nyingine linaiachia nchi ada ya huduma, basi. Na kreni za kisasa haziajiri watu wengi. Ajira ziko nyuma ya geti, na hapo ndipo Wadominika walipofanya kazi ya miaka mingi kabla DP World haijafika.

Eneo lao huru la kwanza la viwanda lilianza La Romana mwaka 1969. Mwaka 1990 wakatunga sheria namba 8-90 ya kusimamia maeneo hayo nchi nzima. Mwaka 2007 wakaingia kwenye mkataba wa biashara huria kati ya Marekani na nchi za Amerika ya Kati, hivyo bidhaa zao nyingi zikaingia soko la Marekani bila ushuru. Mwaka 2021 wakaja na sheria mpya ya forodha, namba 168-21, wakaizika ile ya tangu miaka ya 1950.

Matokeo yake yanaonekana kwenye makontena. Zamani viwanda vile vilishona nguo tu, na nguo za Asia zilipofurika duniani vilitikisika vibaya. Leo vinatengeneza vifaa tiba, vifaa vya umeme na sigara kubwa za kusokotwa kwa mkono, zile za Santiago na Tamboril ambazo wavutaji wa dunia nzima wanazijua. Maeneo huru yanaajiri zaidi ya watu 150,000. Kifaa tiba kikitoka kiwandani kinafika Marekani kwa siku chache. Mwekezaji anayetafuta fursa pale anafuata mambo matatu: soko liko karibu, barabara ya kwenda bandarini ni fupi, na forodha haimlazi mzigo. Ndiyo maana mwaka 2025 DP World ilitangaza kuongeza dola milioni 760 kupanua bandari ya Caucedo na eneo lake huru.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, ukisikia mtu anasema "bandari imepata mwekezaji, ajira zimekuja", muulize: nyuma ya geti kuna nini? Korosho ya Mtwara ikipita pale ikiwa ghafi, kreni ya kasi itaiondoa haraka zaidi ikiwa ghafi vilevile.

Karatasi mezani

Hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Katiba ya Jamhuri ya Dominika inamtaka Rais apeleke bungeni mikataba inayogusa mapato ya taifa, inayouza mali ya umma au inayotoa misamaha ya kodi. Soma tena hiyo ya mwisho. Misamaha ya kodi. Mkataba wenyewe unapelekwa, na ukipelekwa bungeni unakuwa karatasi ya umma. Mwishoni mwa 2023 serikali yao ilipotaka kumwongezea miaka 30 mwendeshaji wa viwanja vya ndege, ukiwemo huo wa Las Américas, ilibidi mkataba ule upelekwe kupigiwa kura.

Je, hilo linatosha? Hapana, na mfano ninao, tena unatuhusu. Mwaka 2009 bunge lao lilipitisha mkataba uliorekebishwa wa mgodi wa dhahabu wa Pueblo Viejo. Mwenye mgodi ni nani? Barrick, tunayemjua vizuri hapa kwetu. Wabunge walipitisha. Lakini kwa kuwa karatasi ilikuwa wazi, watu wakapiga hesabu, wakapiga kelele. Februari 2013 Rais Danilo Medina, aliyekuwa wa chama kilekile kilichopitisha mkataba, akasimama mbele ya bunge na kusema kwamba katika kila dola 100 za dhahabu, Barrick ingechukua 97 na nchi ingebaki na tatu. Kabla mwaka haujaisha mkataba ukawa umebadilishwa. Mgodi haukufungwa. Mwekezaji hakukimbia. Alikaa mezani kwa sababu dhahabu iko pale, haihami.

Nasi tukapita njia hiyo kwa kuchelewa. Machi 2017 makontena ya makinikia yakazuiwa bandarini, na mazungumzo yakaishia Januari 2020 kwa serikali kupata hisa asilimia 16 kwenye Twiga. Tofauti ni kwamba kwa miaka mingi kabla ya hapo, mikataba yetu ya madini ilikuwa siri ya watu wachache, na aliyeuliza alionekana mchochezi.

Nao wana yao

Simsifii mtu kupita kiasi. Kima cha chini cha mshahara katika maeneo huru ya Jamhuri ya Dominika hupangwa peke yake, na kiko chini ya kile cha makampuni makubwa ya nje ya maeneo hayo. Misamaha ya kodi inalalamikiwa kila mwaka. Wafanyakazi wenye asili ya Haiti wanaishi kwa hofu ya kukamatwa na kufukuzwa. Na rushwa ilikuwepo, tena ya kutisha: Desemba 2016, mbele ya mahakama ya Marekani, kampuni ya ujenzi ya Odebrecht ya Brazili ilikiri kutoa rushwa ya zaidi ya dola milioni 92 katika nchi hiyo moja.

Lakini angalia kilichofuata. Januari 2017 watu wakaingia barabarani Santo Domingo wamevaa kijani, wakadai waliokula wafikishwe mahakamani. Februari 2020 uchaguzi wa serikali za mitaa uliposimamishwa katikati ya siku kwa sababu mashine za kura zilifeli, vijana wakakusanyika siku baada ya siku kwenye Plaza de la Bandera, mbele ya tume ya uchaguzi. Julai mwaka huohuo chama kilichotawala miaka 16 mfululizo kikaondolewa kwa kura. Na serikali mpya nayo haikuachwa ilale: Oktoba 2024 ilipoleta mabadiliko makubwa ya kodi, wananchi wakapinga, Rais Luis Abinader akayaondoa.

Nani alikimbia? DP World hakukimbia. Viwanda havikufungwa kwa sababu watu waliandamana. Upanuzi wa Caucedo niliousema hapo juu umetangazwa baada ya kelele zote hizo. Basi yule anayetuambia kwamba kuuliza maswali kunafukuza wawekezaji atuoneshe amesoma wapi.

Turudi nyumbani

Kwetu mambo yalikwenda hivi. Oktoba 2022 makubaliano ya kiserikali na Dubai yakasainiwa. Tarehe 10 Juni 2023 Bunge likayapitisha. Agosti wakosoaji wakakamatwa na neno uhaini likatajwa. Oktoba 22, 2023 mikataba ya utekelezaji ikasainiwa Dodoma, ya miaka 30, na DP World ikakabidhiwa gati namba 4 hadi 7. Wananchi tulisomewa muhtasari kwenye sherehe. Mkataba wenyewe, wenye namba na masharti, hatukuwekewa mezani.

Kampuni ni ileile ya Caucedo. Kule inashindana na jirani, inapata mzigo kutoka viwandani, na iko katika nchi ambayo Katiba inalazimisha misamaha ya kodi ipite bungeni. Hapa inategemewa ifanye miujiza peke yake.

Na hapa niwaambie wenzangu ukweli, hata kama utauma. Mwaka 2023 wapo wa upande wetu waliouacha mkataba wakaanza kushambulia watu kwa rangi na dini: eti Waarabu hivi, eti Waislamu vile. Ule haukuwa upinzani. Ulikuwa zawadi kwa serikali, kwa sababu ilipata nafasi ya kujibu matusi badala ya kujibu vifungu. Tena ni aibu kwa nchi yenye pwani iliyofanya biashara na Waarabu, Wahindi na Wareno kwa karne nyingi. Ubaya au uzuri wa mkataba hauko kwenye pasipoti ya aliyesaini. Barrick ni ya Kanada, Odebrecht ni ya Brazili, na yaliyofanywa mmeyaona.

Kwa hiyo naomba jumuiya yetu ya vijana ishike madai matatu, tuyabebe kila wilaya:

Kwanza, mkataba wowote unaogusa bandari, madini, gesi au misamaha ya kodi upelekwe bungeni mzima mzima na uchapishwe kwa Kiswahili kabla ya kupigiwa kura. Muhtasari hatuutaki.

Pili, kila mkataba wa bandari uambatane na mpango wa viwanda nyuma ya geti: wapi, vya nini, umeme unatoka wapi. Kibaha, Mtwara na Tanga wanayo ardhi na wanao vijana.

Tatu, taarifa ya kila mwaka, hadharani: meli zilingoja siku ngapi, kontena lilikaa siku ngapi, serikali ilipata shilingi ngapi, Watanzania wangapi wameajiriwa na kwa mshahara gani.

Hayo si madai ya mtu asiyetaka uwekezaji. Ni madai ya mwenye nyumba anayejua nyumba ni yake. Siku tutakapopewa dhamana ya kuongoza nchi, wawekezaji tutawakuta pale bandarini na tutafanya nao kazi. Lakini kama leo hatujajifunza kusoma vifungu, kesho tutasaini yaleyale tunayoyalalamikia.

Tawi lako likikutana wiki hii, mjadala uanzie hapo: chukueni yale makubaliano ya 2022, gawaneni vifungu, kila mmoja asome chake na awaeleze wenzake kwa lugha ya kijiweni. Halafu andikeni maswali, mpeni mbunge wenu, mnakili na kwetu. Anayeshika karatasi hatishwi kwa neno "mchochezi".

Mapambano yanaendelea.