Chuo Kidogo Kisilazimishwe Kuwa Kikubwa

Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji, Kamisheni ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)

Yah: Ombi la kipimo cha ukuaji kwa vyuo vidogo vya kanisa

Mheshimiwa Katibu Mtendaji,

Nafundisha historia katika chuo kidogo cha kanisa, kwenye mkoa wa baridi. Jina la chuo siliandiki, maana ninayoyaeleza yanavihusu vyuo vingi vilivyo chini ya Kamisheni yako, vya Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wamoraviani na wengine. Nakuandikia hadharani kwa sababu nataka maneno haya yasomwe pia na wazazi wanaolipa ada, maaskofu wanaoviongoza vyuo hivi, na vijana wanaosubiri dirisha la udahili lifunguliwe.

Ukipita kwenye maonesho ya elimu ya juu pale viwanja vya Mnazi Mmoja, utaona banda la chuo kidogo likihangaika kufanana na banda la chuo kikubwa. Spika zinalia, fulana zimechapishwa, na kipeperushi kina orodha ya kozi inayorefuka kila mwaka: ualimu, sheria, biashara, TEHAMA, utalii. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anauliza swali la maana kabisa: kwenu nitapata nini ambacho kwingine sitakipata? Anajibiwa kwa kuoneshwa picha ya ghorofa ambalo bado linajengwa.

Jibu hilo lina historia yake. Sheria ya elimu iliporekebishwa mwaka 1995, mlango wa vyuo vikuu binafsi ulifunguka, na makanisa yaliyokuwa na seminari na vyuo vya kati yakaingia. Ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari mwaka 2004, sekondari za kata zikajengwa nchi nzima, na ghafla taifa likahitaji walimu kwa maelfu. Mikopo ya elimu ya juu nayo ikaanza kutolewa na Bodi mpya. Vyuo vya kanisa vikafanya kile ambacho taifa liliviomba: vikafungua shahada za ualimu, vikajaza madarasa, vikapanga nyumba za jirani kuwa hosteli. Ada za ualimu zikalipa mishahara ya kila idara, hata ile isiyofundisha ualimu. Kisha ajira za walimu zikasuasua, hasa za masomo ya sanaa, na wazazi wakaanza kuuliza faida iko wapi. Mwaka 2017 Kamisheni ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Kwa haki, nasema mlikuwa na sababu. Vipo vyuo vilivyokuwa na wanafunzi wengi kuliko viti, na mhadhiri mmoja akiandikwa kwenye orodha za vyuo viwili au vitatu.

Lakini somo ambalo wamiliki wengi walilipata mwaka ule silo lililokusudiwa. Walielewa kwamba chuo kidogo ni chuo kilicho hatarini, na kwamba usalama uko kwenye wingi: kozi zaidi, wanafunzi zaidi, majengo zaidi. Mpaka leo mpango mkakati wa chuo cha kanisa ukiufungua, ukurasa wa malengo unazungumzia idadi ya wanafunzi.

Sasa hali imebadilika tena, na safari hii kwa jambo la heri. Kupitia mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, Serikali inapeleka kampasi za vyuo vya umma mikoani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakwenda Kagera na Lindi, Muhimbili Kigoma, Mzumbe Tanga, Ardhi Mwanza. Nimeifurahia hatua hiyo bila kinyongo. Mtoto wa Kigoma ana haki ya kusoma udaktari karibu na kwao. Ila tukubaliane kuhusu maana yake kwetu. Chuo cha kanisa chenye wanafunzi mia chache hakiwezi kushindana na kampasi ya Serikali kwa maabara, kwa ghorofa, wala kwa ada nafuu. Kikijaribu, kitakopa hadi kifungwe. Kinachokibakia ni kufanya vizuri kile ambacho chuo kikubwa kinapata shida kukifanya: kumfundisha kijana mmoja mmoja, kwa upana, na mwalimu anayemjua kwa jina.

Nikupe mfano. Muhula uliopita tulikuwa tunasoma Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Semina ndogo, meza zimeunganishwa, kila mtu anamwona mwenzake usoni. Tulifika kwenye idadi ya waliokufa. Taarifa za Wajerumani zinataja watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Binti mmoja anayesomea ualimu wa hesabu akanyoosha mkono: "Dokta, hao 75,000 walihesabiwaje, na hapakuwa na sensa?"

Mada iliyofuata ilibidi isubiri. Kijana wa theolojia alisema daftari za misheni zingesaidia, kisha mwenyewe akajipinga, kwa kuwa Wakristo kusini wakati ule walikuwa wachache, na asiyebatizwa hakuandikwa. Mwingine, mwenyeji wa Songea, akasema kwao wazee husimulia njaa kuliko bunduki: majeshi yalichoma mashamba na maghala, na watu waliendelea kufa baada ya vita kwisha. Basi, akauliza binti wa hesabu, unahesabu mpaka mwaka gani? Na aliyekufa kwa njaa 1908 ameuawa na nani? Aliandika karatasi ya kurasa sita juu ya swali hilo. Nilimrudishia rasimu mara tatu, pembeni nimejaza penseli, na mara ya tatu hoja ilisimama. Kesho atakuwa mwalimu wa hesabu kwenye sekondari ya kata. Atajua kwamba namba ina mwandishi wake na makusudi yake, na watoto atakaowafundisha watalijua hilo pia.

Katika ukumbi wa watu 600 swali lile lisingeulizwa, na lingeulizwa, kusingekuwa na nafasi ya kulifuata. Wala lisingeulizwa katika chuo kidogo ambacho mwanahesabu hagusi historia kwa sababu ratiba ya kozi yake imejaa.

Elimu ya aina hii, ambapo mwanafunzi wa sayansi anasoma pia historia, lugha, falsafa na dini, ina ushahidi wake karibu nasi. Mwaka 1960 binti kutoka Nyeri, Wangari Maathai, alikwenda kusoma Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha wanawake katika mji wa Atchison, Kansas, kilichoendeshwa na masista Wabenediktini. Ni familia ya watawa ambayo watu wa kusini mwa nchi yetu wanaijua kupitia Peramiho na Ndanda. Alihitimu 1964. Somo lake kuu lilikuwa biolojia, lakini pamoja nayo alisoma kemia na Kijerumani. Mtu angeweza kusema Kijerumani kilikuwa cha nini kwa mwanabiolojia wa Kenya. Aliporudi Nairobi alipata kazi kwa profesa Mjerumani wa anatomia ya mifugo, akaenda Giessen na Munich kwa utafiti, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Alipoanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt mwaka 1977 alihitaji zaidi ya ujuzi wa mimea: alihitaji kuzungumza na wanawake wa vijijini, kuandika, kuhoji sheria na kusimama mbele ya watawala. Chuo chake cha kwanza hakikumfundisha yote hayo, lakini kilimzoesha kutofungwa na somo moja.

Na siyo lazima twende Marekani. Ashesi, chuo kikuu cha Ghana, ilianza mwaka 2002 na wanafunzi 30 katika nyumba ya kupanga jijini Accra. Ilikaa hapo miaka mingi bila aibu, ikahamia Berekuso 2011, na uhandisi ikauongeza 2015, ilipokuwa na walimu na uwezo. Wanafunzi wake wa kompyuta na biashara husoma pia uandishi, maadili na fikra za Kiafrika. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi wasiofika 20. Hakuna aliyekiita dhaifu kwa udogo wake.

Mheshimiwa, ninachoomba kwanza ni kipimo. Chuo kinachotaka kubaki kidogo kiruhusiwe kusema hivyo rasmi: tutadahili si zaidi ya wanafunzi 800, tuseme, na kozi zetu hazitazidi sita. Kikishajifunga hivyo, kikaguliwe kwa ukali kuliko sasa, lakini kwa mambo yanayolingana na ahadi yake. Utaratibu wenu unamtaka mwanafunzi atimize krediti 120 kwa mwaka, na kila krediti ni saa 10 za kazi, yaani saa 1,200. Wakaguzi wakija, waziulize hizo saa. Waombe kuona insha zilizosahihishwa, siyo mitihani peke yake. Waingie maktaba saa mbili usiku waone kama taa zinawaka na kama kuna watu. Waulize wahadhiri wangapi wameajiriwa hapo moja kwa moja na wangapi wanapita kwa basi siku ya Ijumaa. Kila mwanafunzi wa chuo kikuu nchini anachangia shilingi 20,000 kwa mwaka kwa ajili ya udhibiti wa ubora. Hayo ndiyo matumizi ambayo mzazi angeyaelewa bila kuelezwa.

Pamoja na kipimo hicho, turuhusuni mwaka wa kwanza wa pamoja kwa kozi zote za chuo. Taaluma za maendeleo (DS) na stadi za mawasiliano tayari zinafundishwa kila mahali, lakini zimekuwa masomo ya kukaririwa ili mtu asipate sapu. Yapewe uzito. Mwanafunzi wa biashara na wa theolojia wakae darasa moja mwaka mzima, wasome takwimu, historia ya nchi yao, fasihi ya Kiswahili na sayansi ya mazingira, kisha ndipo kila mmoja achukue njia yake.

La pili ni gumu zaidi, na najua linapita mamlaka ya Kamisheni, ila Waziri huwasikiliza. Katika afya, Serikali na makanisa walishapata njia. Hospitali ya kanisa ikiteuliwa kuwa hospitali ya wilaya, mali inabaki ya kanisa na mishahara ya watumishi inatoka Serikalini. Makubaliano ya mwaka 1992, yaliyoizaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, yaligusa afya na elimu kwa pamoja. Upande wa afya umezaa matunda ambayo kila mgonjwa wa Bugando au KCMC anayajua. Upande wa vyuo vikuu tumeachiwa ada na mikopo ya wanafunzi, na mkopo ukichelewa, mhadhiri anakopa dukani. Kwa nini chuo kidogo kilichokubali ukaguzi mkali kisipate wahadhiri kumi, ishirini, wanaolipwa na Serikali kama wanavyolipwa madaktari wa hospitali teule? Gharama yake ni ndogo kuliko kujenga kampasi moja mpya.

Kwa wamiliki wetu, nina maneno machache na ya heshima. Baba askofu anayezindua jengo hupigiwa vigelegele. Anayeajiri mhadhiri wa fasihi hakuna anayemwona. Hata hivyo majengo tuliyonayo yanatosha kwa wanafunzi tulio nao. Harambee ijayo iwe ya vitabu na ya kuwasomesha walimu wasaidizi wetu shahada za uzamivu, ili wasituache wakimaliza. Na mkuu wa chuo achaguliwe kwa uwezo wake wa kuongoza chuo, awe padri, mchungaji au mlei.

Najua Kamisheni ina kazi nyingi na vyuo vikubwa vyenye matatizo makubwa. Lakini mipango mikakati mipya ya vyuo vyetu inaandikwa sasa, na mabaraza ya vyuo yanaandika kile yanachodhani mtakipima. Ninaomba jambo hili liwekwe mezani, na jibu la Kamisheni litolewe hadharani kabla ya dirisha la udahili lijalo kufunguliwa, ili tujue kama pesa kidogo tulizonazo tuziweke kwenye zege au kwa walimu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri wa historia